Tusiseme tena «ka-butiki tu»

Ndugu wachimbaji, ukiuliza mwenzako wa hapa Rughenda bibi yake anafanya kazi gani, atakujibu: «Hana kazi, iko na ka-butiki tu.» Wengine wanasema ligablo, wengine ka-biashara. Ile «ka» tunaiweka mbele ya kila kitu tunachoona kidogo. Tuhesabu basi.

Mtu anaenda kuchimba dhahabu kule Manguredjipa. Miezi mitatu inaweza kupita shimo halijatoa kitu. Wakati ule watoto wanakula ya ka-butiki. Minervali ya sekondari na dawa ya malaria vinatoka mu feza ya chumvi, sabuni, mafuta na makala. PDG wa shimo anatuambia tungoje, lakini njaa ya watoto haingoje. Ni wamama na watoto wanaokaa ku meza tangu asubuhi mpaka usiku ndio wanakopesha mashimo yetu, bila faida yoyote.

Na tunawalipa namna gani? Dhahabu ikitoka, ni bia, simu mpya, na shimo lingine. Ikikosekana, bwana anarudi nyumbani: «Nipe mtaji kwanza, nitarudisha.» Kisha meza inabaki tupu.

Kuna atakayesema mtaji wa kwanza ni yeye aliutoa. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtaji uliozungushwa miaka tano na mikono ya mama umekuwa wa nyumba nzima. Hata serikali haidharau hii kazi: sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 inaitambua biashara ndogo kwa karatasi yake, patante. Na Code ya familia ya 1987, iliyomlazimisha mke kupata ruhusa ya bwana, ilibadilishwa mwaka 2016. Sasa ni mapatano ya wote wawili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Patante iandikwe jina la mama anayeuza. Kila feza bwana anayochukua iandikwe mu kaye. Na dhahabu ikitoka, deni ya meza ilipwe mbele ya kufungua shimo lingine.

Kila siku tunadai PDG aandike sehemu yetu, maana hatuamini maneno ya mudomo. Mbele ya bibi zetu, PDG ni sisi. Tuandike.