Kaseti ya ndoa na sura ya nkambo

Wamama wenzetu, juma lililopita tuliangalia tena kaseti ya ndoa ya mwaka 1994, hapa Katuba. Kijana mmoja wa nyumbani alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta. Nkambo alipoinuka kucheza, mikono yake ikajaa mistari kama meno ya chanuo. Tukasema kaseti imeoza.

Haikuoza. Kamera za wakati ule zilichukua mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, hivyo mpaka chini, kisha zikarudia ya pili na ya nne: nusu 50 kwa sekunde, yaani picha nzima 25. Televisheni ya zamani ilionyesha nusu moja moja. Kompyuta inazibandika pamoja, na mkono uliotembea katikati unaonekana umechanika. Programu ya bure kama Avidemux ina chujio la kurekebisha hayo, linaitwa yadif.

Mikono ikapona. Lakini kijana akaendelea, akaweka chujio la kufuta chembechembe, mpaka uso wa nkambo ukawa laini kama wa sanamu. Mikunjo yote imekwenda! Wajukuu walifurahi, sisi tuliomjua tulinyamaza. Na faili la kwanza alishalifuta apate nafasi. Bahati kaseti ilikuwa bado kabatini, tukaanza upya.

Sasa faili la kwanza tunaliacha lilivyo, tunatengeneza nakala tu. Na kaseti iliyoota ukungu mweupe wakati wa mvua, msiiingize kwenye mashine: itachafua na zile zinazofuata.