Rangi za Halloween Adams Arcade: Weusi si shida, tuulize kilicho ndani ya chupa

Ukishuka matatu ya 111 pale Adams Arcade wiki ya mwisho ya Oktoba, angalia mikono kabla hujaangalia nyuso. Mkono unaopokea chenji kwa kondakta, mkono unaochagua jaketi kule Toi, mkono unaobonyeza namba ya siri ya M-Pesa: kucha zimebadilika. Waridi na rangi ya maziwa zimepumzishwa. Sasa ni nyeusi tititi, damu ya mzee, zambarau iliyokolea, chungwa la malenge na kijani cha kutisha kama dawa ya mchawi kwenye katuni. Nyingine zimechorwa utando wa buibui. Nyingine zina matone mekundu yanayochuruzika, utadhani mwenyewe ametoka kuchinja kuku.

Ni msimu wa Halloween, na mjadala wa kila mwaka umerudi pamoja nao. Binti anaweka picha ya kucha kwenye stetasi ya WhatsApp, na kabla ya saa moja kupita shangazi ashatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la familia akiuliza kama hizo ni kucha za mtu aliyeokoka. Upande wa pili vijana wanacheka na kusema ni rangi tu, wazee watulie.

Kwangu mimi, pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Kuna jambo la kutia wasiwasi kwenye kucha hizo, lakini ukilitafuta kwenye weusi hutalipata. Liko ndani ya chupa, na anayekutana nalo kila siku ni yule dada aliyeinamia mkono wako na brashi.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Adams Arcade imekuwa hapo Ngong Road tangu miaka ya 1950, na huhesabiwa miongoni mwa maduka makubwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Upande mmoja una Kilimani na ghorofa zake, upande mwingine una Woodley na Kibera, na Soko la Toi liko hapo hapo nyuma. Kwa hivyo fasheni haikai siku nyingi kwa wenye pesa. Mtindo ulioonekana kwenye TikTok Jumatatu, Ijumaa utaukuta saluni yenye kiyoyozi na pia kwenye kibanda chenye stuli mbili na taa moja. Chupa zinaweza kufanana kabisa. Kinachotofautiana ni bei, hewa na maswali yanayoulizwa.

Sasa twende darasani kidogo. Msimu huu rangi peke yake haitoshi, watu wanataka na umaliziaji wake. Kuna mati, ule weusi usiong'aa, kama ubao wa shule. Siri yake iko kwenye tabaka la mwisho la juu, ambalo lina chembe ndogo za kutawanya mwanga usirudi moja kwa moja machoni. Kuna ile ya sumaku, wengine huiita jicho la paka: rangi ina chembe za chuma, fundi anasogeza sumaku juu ya ukucha kabla haujakauka, na mstari wa mwanga unajitokeza ukikufuata kila ukigeuza kidole. Kuna kromu, ambayo ni poda inayosuguliwa juu ya ukucha hadi unakuwa kama kioo cha gari. Na kuna ya kung'aa gizani, inayonyonya mwanga kisha kuurudisha polepole taa za klabu zikizimwa.

Karibu zote hizi, zikifanywa saluni, hufanywa kwa jeli. Hapo ndipo mambo yanabadilika. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kimiminika chake kinavukizwa na hewa. Jeli haikauki hivyo. Inaingizwa chini ya taa, na mwanga unaamsha kemikali inayoifanya igande ikawa kama plastiki ngumu. Ndiyo maana inakaa wiki mbili au tatu bila kubanduka, na ndiyo maana kilichomo ndani yake kina uzito kuliko jina la rangi.

Lakini kabla hatujafungua chupa, tumalizane na suala la shetani, maana wazazi wetu hawakuanza kuogopa juzi. Mwaka 1994 kampuni ya Chanel ya Ufaransa ilitoa Rouge Noir, iliyojulikana Marekani kama Vamp: nyekundu iliyokolea hadi ikakaribia nyeusi. Kwa Kiswahili tayari tulikuwa na jina lake, damu ya mzee. Mwaka huo huo filamu ya Pulp Fiction ikamwonyesha Uma Thurman na kucha za rangi hiyo, na kucha nyeusi zikatoka kwa wanamuziki wa roki zikaingia kwa wanawake wa ofisini.

Na mwaka huo huo wa 1994, hapa kwetu, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Shangazi wa ule ujumbe wa dakika nne alikuwa kijana miaka hiyo. Alikulia kwenye nchi ambayo serikali yenyewe iliunda tume kuhusu jambo hilo. Ukimcheka bila kujua historia hii, wewe ndiye uliyepitwa.

Halafu kuna Halloween yenyewe. Mizizi yake iko kwenye Samhain, sherehe ya Waselti wa Ireland na Scotland ya kufunga mavuno na kukaribisha majira ya baridi, wakati walipoamini pazia kati ya walio hai na wafu linakuwa jepesi. Jina, hata hivyo, ni la kanisa: ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1. Siku inayofuata, Novemba 2, Wakatoliki huwaombea marehemu. Kwa hivyo Nairobi ya mwisho wa Oktoba ina watu wanaoenda klabu wakiwa wamevaa kama wafu, na wengine wanaojiandaa kwenda misa kuwaombea wafu. Wakati mwingine ni mtu yule yule.

Weusi kwenye vidole nao si mgeni kwetu. Wanawake wa Pwani, na Wanubi hapo Kibera, hawakungoja TikTok iwafundishe kupamba mikono kwa ajili ya harusi. Hina hupakwa hadi kwenye kucha, na kwa Waislamu wengi ina faida moja ambayo rangi ya chupa haina: haiweki utando wa kuzuia maji ya udhu.

Lakini sikiliza sehemu hii ya hadithi. Hina halisi hutoa wekundu au kahawia. Wanaotaka weusi kamili hutumia piko, na mara nyingi piko ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Piko imewaacha mabibi harusi na malengelenge mikononi na makovu ya maua yale yale waliyochorwa. Mikono miwili inaweza kupendeza sawa na kuchorwa ua lile lile, mmoja ukapona na mwingine ukaungua. Tofauti si mila wala dini, tofauti ni kilichochanganywa kwenye bakuli.

Jeli ni hadithi hiyo hiyo kwenye chupa mpya. Tangu Septemba 1, 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali ya TPO kwenye vipodozi vyote. TPO ni moja ya zile kemikali zinazopokea mwanga wa taa na kuanza kuigandisha jeli. Ulaya imeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, kutokana na majaribio yaliyofanyiwa wanyama. Saluni za huko haziruhusiwi kuuza wala kupaka, hata kama chupa ilinunuliwa kabla ya marufuku. Marekani, kwa upande wake, bado inaruhusu.

Tusipige mayowe. Wanyama hao walipewa viwango vikubwa, na ukucha si mdomo. Mtu aliyepakwa jeli mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Halloween, hana sababu ya kukosa usingizi. Swali kubwa ni la yule anayepaka wateja sita kwa siku, siku sita kwa wiki, dirisha likiwa limefungwa ili vumbi la Ngong Road lisiharibu kazi.

Kwake yeye kuna tatizo lingine lililo karibu zaidi, nalo ni mzio. Jeli nyingi zina kemikali za jamii ya akriliti, maarufu ikiwa HEMA. Jeli ambayo haijaganda vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuikataa: vidole vinawasha, vinavimba, vinapasuka, ukucha unaachana na nyama. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi Uingereza walitoa onyo wazi kuhusu hili kwa wateja na mafundi. Na mzio huo ukishaingia hauondoki. Kemikali za jamii hiyo hiyo hutumika kuziba meno na kwenye baadhi ya viungo bandia, kwa hivyo kidole cha leo kinaweza kukusumbua kwa daktari wa meno miaka kumi ijayo. Kwa fundi ni zaidi ya hapo, maana ni kuipoteza kazi aliyojifunza.

Na kazi yenyewe si mchezo. Kwa vijana wengi wa pande hizi, brashi na taa ndiyo ajira iliyopatikana baada ya cheti kukosa kazi. Wengi hukodisha kiti au hulipwa kwa kamisheni. Chukua mfano: mteja akilipa 1,500 na mwenye saluni akachukua nusu, fundi anabaki na 750. Akitoa nauli na chakula, ile chupa ya bei nafuu isiyo na orodha ya viungo inaanza kumvutia. Halloween inampa wiki moja ya foleni kabla ya Desemba, na katika foleni hakuna anayepumzika kufungua dirisha.

Hapa ndipo serikali inapoingia. Mwaka 2023, Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa nywele bandia, kope bandia na kucha bandia. Kelele zikapigwa, na kamati ya bunge ikapendekeza uondolewe. Kumbe wakubwa wanajua kwamba kwenye kucha kuna pesa! Basi na wajue kwamba kuna mapafu na vidole pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Industrial Area peke yake. Kibanda cha kucha ni mahali pa kazi. Shirika la KEBS nalo lina viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki vinavyotaja kemikali zilizokatazwa. Kwa sasa kinachotakiwa ni jibu la wazi: je, TPO itabaki ruhusa kwetu au la? Na kama saluni za Ulaya zimelazimika kuziondoa chupa zao, nani anahakikisha haziletwi kuuzwa kwetu kwa bei ya kutupa?

Tukingoja jibu, kuna mambo ya kufanya kabla ya Oktoba 31.

Kama unataka kucha za usiku mmoja, huhitaji jeli. Rangi nyeusi ya kawaida na tabaka la juu la mati zinatosha kabisa, na Jumapili asubuhi unazifuta kwa asetoni kabla ya kanisa. Hata shangazi hatajua.

Kama ni jeli, omba kuiona chupa. Isiyo na orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji, ikatae. Fundi akigusisha jeli kwenye ngozi, mwambie aifute kabla hujaingiza mkono kwenye taa. Ukianza kuwashwa, usirudie rangi ukitumaini itapoa. Nenda kwa daktari wa ngozi. Usibandue jeli kwa meno, maana inatoka na ukucha wenyewe. Na kama una miadi ya upasuaji, acha kidole kimoja wazi au zifute zote, kwa sababu rangi nyeusi na buluu zinaweza kuvuruga kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni.

Kwa fundi: glavu za naitrili, dirisha wazi, na taa inayoendana na jeli unayotumia. Na kwa mteja anayebishana shilingi mia: ukipunguza bei, kitu cha kwanza kukatwa ni glavu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Vaa weusi wako, chora buibui wako, nenda ukacheze. Ila ukikaa kwenye kile kiti pale Adams, kabla ya kuuliza zimebaki rangi gani, muulize dada anayekupaka kama mikono yake inamwasha.