Ushuru wa Mauzo na Haki ya Anayejiajiri

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2240, inafundisha kwamba kulipa ushuru ni wajibu wa kimaadili kwa ajili ya mafao ya wengi. Fundisho hilo ni wazi. Linalowasumbua waamini wengi wanaojiajiri nchini Kenya, wakiwemo mafundi, washonaji na wenye vibanda, ni swali jingine: ushuru huo unatozwa juu ya nini?

Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ushuru wa mauzo, unaojulikana kama TOT, ulipandishwa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Unamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 bila kuvuka milioni 25, na hulipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hautozwi juu ya faida, bali juu ya mauzo yote, gharama hazipunguzwi. Hata aliyepata hasara hulipa.

Tumfikirie mshonaji anayeuza nguo za shilingi 1,200,000 kwa mwaka. TOT yake ni shilingi 36,000. Ikiwa baada ya kulipia vitambaa, uzi, umeme na kodi ya kibanda amebaki na 200,000, basi ushuru umechukua asilimia 18 ya riziki yake. Mwajiriwa anayepata mshahara wa 200,000 kwa mwaka halipi ushuru wa mapato hata kidogo, kwa kuwa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka hufuta ushuru wa shilingi 288,000 za kwanza.

Sheria imeacha mlango. Mfanyabiashara anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kutozwa TOT, kisha akatozwa juu ya faida baada ya kutoa gharama. Lakini tangu Januari 2024, gharama kwa kawaida hukubaliwa tu zikiwa na ankara ya eTIMS, na anayenunua bidhaa sokoni kwa fedha taslimu mara nyingi hana. Tena, kwa mwenye gharama ndogo, TOT huwa nafuu kuliko ushuru wa faida. Hivyo kila mmoja apige hesabu kwanza, ndipo aamue.

Hapa ndipo tunapoiona dhuluma iliyojificha: mwenye kumbukumbu za hesabu ana hiari ya kuchagua, asiye nazo hana, na mara nyingi huyo ndiye maskini zaidi. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kuonya kwamba dola inayotoza kupita kiasi inamtendea raia isivyo haki. Tunawasihi watunga sheria wamkumbuke anayefanya kazi kwa faida nyembamba.

Kwetu sisi pia kuna wajibu. Kuficha mauzo ni kuwanyima wengine dawa na barabara, nako si jibu kwa sheria nzito. Tunazialika parokia zenye wahasibu waamini kuwatuma katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, wawafundishe ndugu zao kuandika mauzo na matumizi ya kila siku, kudai ankara, na kulinganisha njia hizo mbili. Huduma hiyo ni tendo la huruma, na humwezesha mnyonge kulipa kilicho halali na kubaki na kilicho chake.