Mzazi Anapolia, Tusimwite Mwenye Imani Haba

Tunajua kumtembelea mzazi. Tunakwenda na khanga, sabuni na chupa ya uji wa pilipili manga. Tunampakata mtoto, tunaimba pambio, tunaomba, tunaondoka. Lakini mama mwenyewe tunamtazama? Tukimkuta analia, hataki hata kumshika mwanawe, tunasema hana shukrani. Tunamkumbusha wanaokesha wakiomba mtoto wasipate. Tukitoka nje tunanong'ona kwamba imani yake ni haba, au kuna pepo la kukemewa.

Wapendwa, hapo dhambi ni yetu, si yake. Kuhani Eli alimwona Hana akitikisa midomo bila sauti, akadhani amelewa. Mtumishi wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu, hakuutambua uchungu wa mwanamke. Lakini Eli alipoelezwa alisikia, akambariki. Sisi tunaelezwa na bado tunakemea.

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa. Machozi ya siku za kwanza huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akachukia chakula, akajiona hafai kuwa mama, huyo anahitaji matibabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Basi tuwahesabu waliobeba watoto Jumapili hii.

Wengine husema bibi zetu walizaa kumi na hawakuijua sonona. Waliougua, nani aliwauliza? Tena bibi zetu walipikiwa na kukandwa siku arobaini, na mtoto alilelewa na ukoo mzima. Binti yetu leo yuko kwenye chumba cha kupanga, mume ametoka alfajiri, naye anaambiwa ajikaze.

Tusome Hesabu 11. Musa alichoka, akamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu wale, hata awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Akaomba afe. Mungu hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimpa wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Musa alipewa watu 70. Mama wa mtoto mchanga sisi tunampa mahubiri!

Mama hajiamini kwa kukemewa. Hujiamini akipata usingizi, akila, akiambiwa kwamba mwanawe hutulia anaposikia sauti yake. Kwa hiyo kila jumuiya ipange zamu: huyu apike, huyu afue nepi, huyu ampakate mtoto ili mama alale. Baba naye asijifiche nyuma ya kazi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, tumsindikize kliniki, tumsaidie kumweleza muuguzi yote. Akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na tumwombee, ndiyo. Lakini tukisema amina tusiondoke. Tukunje mikono ya nguo, tuulize beseni la nepi liko wapi.