Masika ya Mlimani, Kamba wa Pwani

Mtu akikuuliza Meru na Embu zina kazi gani na uvuvi wa baharini, huenda ukamcheka. Meru ni miraa na chai, Embu ni kahawa, na kwa jadi wengi wa watu wa mlimani hawakuwa hata walaji wa samaki. Lakini swali hilo si la kuchekwa. Mimi nadai kwamba mvuvi wa Kipini hawezi kuijua ghuba yake asipojua mvua imenyesha vipi Mlima Kenya na vilima vya Nyambene.

Tuanze na bahari yenyewe. Ghuba ya Ungwana imetanda kutoka pande za Ngomeni hadi Kipini. Aghalabu kaskazi huisha mwezi wa Machi, na Aprili kusi likaanza. Kusi likishika, bahari kuu haiingiliki kwa chombo kidogo. Mvuvi maskini hubaki karibu na pwani. Asiyejua atadhani huo ni wakati wa njaa tupu. Kumbe ndio wakati Mto Tana unapoleta maji ya masika, maji mekundu ya tope, na ndani ya tope hilo mna riziki.

Kamba hutaga mayai baharini, lakini watoto wake huingia katika mikoko na mdomo wa mto, wakala na kukua humo. Mafuriko yakija, huwasukuma kurudi ghubani wakiwa wamenenepa. Ndipo mwenye kimia na mwenye jarife wapatapo chao. Na wazee wetu hawakwenda kwa kubahatisha. Walihesabu siku za mwaka kwa miongo, kumi kumi, tangu Nairuzi. Wakajua bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakajaa na kupwa kwa nguvu. Wakajua na maji mafu, mkondo unapolegea.

Sasa, tope hilo latoka wapi? Rupingazi hupita mjini Embu ikaingia Thiba, na Thiba ikaingia Tana. Kathita hupita mjini Meru ikateremka Tharaka, nayo ikaishia Tana. Mutonga kadhalika. Alhasili, udongo wa shamba la Mmeru na Muembu ndio unaonenepesha kamba wa Mpokomo na Mbajuni.

Ila tangu mwaka 1968 njia hiyo imewekwa milango. Mpakani mwa Embu limejengwa bwawa la Kindaruma mwaka huo, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji ya Thiba na Rupingazi huingia Kamburu, na humo udongo wake mwingi hutuama. Mafuriko ya kawaida yamepungua nguvu. Na mvua ikizidi kiasi, kama mwaka 2018 na 2024, mabwawa hujaa yakafurika, watu wa Tana wakahama makwao. Mto uliokuwa na desturi umekuwa mto wa ghafla. Huko Ozi, penye mpunga unaonyweshwa na maji matamu yanayopanda na kushuka pamoja na bahari, wakulima wanalia kwamba chumvi inapanda mtoni.

Bado Kathita na Mutonga huingia Tana chini ya mabwawa hayo matano, zikishuka na udongo wao. Lakini kwa miaka mingi sasa kuna mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, kwenye maporomoko ya Kibuka huko Tharaka. Likijengwa pasipo masharti, litashika na sehemu kubwa ya hayo yaliyosalia.

Sisemi tuzime taa. Umeme wa mabwawa hayo ndio ninaoandikia, na mtu wa Tharaka ana haki ya maji ya shamba kama mwenziwe. Nasema hivi: kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na iandikwe sheria kwamba kila masika maji kiasi fulani yatafunguliwa kwenda baharini, na wavuvi wa Kipini waulizwe ni kiasi gani na siku zipi. Hesabu wanayo.

Mwaka 2006 serikali ilizisimamisha kwa muda meli za kukokota nyavu ghubani, baada ya wavuvi wadogo kulalamika sana. Ugomvi ule ulionekana kwa macho. Meli ilikuwa pale, nyavu zilizoraruka zilikuwa pale. Huu wa maji ni mgumu kuliko ule, kwa kuwa maji yasiyofika hayaachi alama. Mvuvi huona kimia kitupu tu, akasema ni kudura.

Wahenga walinena, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Fundi wa bwawa akiona maji machache ya kuachiliwa, na akumbuke kuna kiumbe ambaye hayo ndiyo bahari yake. Nanyi ndugu zetu wa Meru na Embu, serikali itakapowaita mikutanoni kuhusu bwawa hilo, tutajieni na sisi. Tumo katika mto huo huo.