Wito: Tuanze na Chai ya Saa Nne



Ikifika saa nne asubuhi, ofisi nyingi za Dar es Salaam husimama kidogo. Mama lishe anaingia na chupa ya chai mkono mmoja, ndoo ya vitafunwa mkono mwingine: chapati, maandazi, vitumbua, sambusa. Ni saa nzuri ya kujuliana hali, na sitaki tuiache. Lakini chai ile imeshatiwa sukari huko huko jikoni. Anayetaka kijiko kimoja na anayetaka vitatu wanakunywa ile ile, kisha kila mtu anarudi kwenye kiti chake, na wengi hawanyanyuki tena mpaka mchana.

Presha na sukari tuliwahi kuyaita magonjwa ya wakubwa. Leo tunazika wenzetu wenye watoto wadogo, walioanguka kwa kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo. Mtu anaamka, anapanda daladala, anafanya kazi, na mwili haumwambii kitu.

Akishagundulika kuwa nalo, sote tunamgeukia yeye: punguza chumvi, acha soda, fanya mazoezi. Inaniuma, kwa sababu mtu huyo hali peke yake. Anakula tulichoagiza wote, kazini, kwenye kikao cha harusi, hata msibani. Kama tuliagiza pamoja, basi tubadilishe pamoja.

Tuanze na mama lishe, maana yeye hupika kile kinachonunuliwa. Wateja kumi wakimwomba kwa sauti moja alete chai isiyotiwa sukari, na sukari pembeni kwenye kikopo, ataleta. Wakitaka ugali wa dona badala ya sembe, matembele au mchicha uongezwe sahanini na chumvi ipungue kwenye mchuzi, atafanya hivyo pia. Kwa siku nzima mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai, na viungo vya pakiti navyo vina chumvi ndani yake. Ila tumtendee haki. Tukitaka alete na matunda, tikitimaji na parachichi vinanunuliwa sokoni kwa fedha. Tusidai matunda kwa bei ya jana.

Nanyi wakuu wa idara, vikao mnavipanga ninyi. Soda moja ya mililita 300 inaweza kubeba takribani gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Badala yake wekeni maji na ndizi mezani. Nunueni kipimo cha presha kikae ofisini, mtu apime bila kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Namba zikifika 140 kwa 90 na kurudia hivyo siku nyingine, apewe nafasi ya kumwona daktari, wala asikatwe siku yake.

Kuhusu mazoezi, msingi upo. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar wana siku yao, tarehe 1 Januari. Kinachonipa moyo zaidi ni vikundi vya jogging vya mitaani, kama vile vya Temeke na Mbagala: fulana za sare, alfajiri ya Jumapili, wanakimbia wakiimba mchakamchaka, vijana mbele na akina mama wakiwafuata kwa mwendo wao. Vingi huchangiana mwenzao akifiwa au akiugua. Huko mtu akikosekana, anaulizwa yuko wapi. Dawa hiyo huipati katika duka lolote.

Mwili unahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, nusu saa kwa siku tano. Si lazima ukimbie. Ila tunahitaji pa kutembea, kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa simameni muulize kiwanja cha wazi kilichobaki kina hati ya nani, kabla hakijazungushiwa ukuta.

Na Ijumaa hii jioni, mpigie simu jirani mmoja ambaye hujamwona akitoka nje siku nyingi. Mkubaliane saa ya kukutana asubuhi, umpitie mlangoni kwake.