Fundi wa paa asipewe fedha zote kwa mkupuo

MKULIMA wa kahawa anapopeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi hadanganyiki kirahisi. Husimama karibu na mizani, huhesabu kilo zake mwenyewe na haondoki bila stakabadhi. Lakini mkulima huyo huyo, fedha zikishaingia, humkabidhi fundi wa kupaua mamilioni ya shilingi bila karatasi hata moja.

Ndivyo ilivyomtokea mkulima mmoja wa wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Baada ya kujenga boma kwa misimu miwili, aliuza kahawa na kumpa fundi fedha zote kwa mkupuo: za mbao, mabati, misumari na ufundi. Walikubaliana kwa mdomo kuwa mabati yawe ya geji 30 na kazi iishe kwa wiki mbili.

Kenchi zilisimama, kisha fundi akatoweka. Kila alipopigiwa simu alijibu, "Kesho asubuhi mzee, nipo njiani." Wiki ya tano alionekana kijiji cha jirani, juu ya paa la mtu mwingine.

Alirudi Novemba, mawingu yakiwa yameshatanda, akamaliza harakaharaka kwa mabati ya geji 32. Mvua kubwa ya kwanza ilipenya kwenye matundu ya misumari na kulowesha mifuko ya mbolea ya kupandia iliyohifadhiwa ndani. Hasara ya nyumba ikawa hasara ya shamba.

Ni rahisi kusema fundi huyo ni tapeli na kuishia hapo. Hata hivyo, mafundi wengi wa vijijini hawana mtaji. Kianzio cha nyumba ya pili humalizia nyumba ya kwanza, na cha tatu humalizia ya pili. Mkulima anayelipa zote mapema anageuka benki isiyotoza riba wala kudai dhamana.

Msimu nao unachangia. Kahawa ya Mbozi huvunwa katikati ya mwaka, na mvua huanza kwenye Novemba. Kila mwenye boma anataka kupaua katika miezi hiyo michache. Fundi hupokea kianzio kila mahali ili asipoteze mteja, kisha huenda kufanya kazi kule ambako bado anadai fedha. Aliyekwisha kulipa zote ndiye anayengojeshwa.

Kwa hiyo dawa ni kubadili utaratibu wa malipo. Kwanza, mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe na risiti itaje geji. Wengi hudhani geji kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mbao nazo zinunuliwe mapema zikauke, kwani mbao mbichi hupinda na kulegeza misumari.

Pili, ufundi ulipwe kwa hatua. Ikiwa wamekubaliana Sh600,000, fundi apewe Sh120,000 siku anayoanza kazi, Sh180,000 kenchi zikisimama na kukaguliwa, na Sh240,000 mabati na kofia vikikamilika. Sh60,000 zilizobaki alipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hata makandarasi wakubwa wa barabara na majengo huzuiliwa sehemu ya malipo yao hadi kipindi cha uangalizi kiishe.

Tatu, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi: idadi na geji ya mabati, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani atagharimia marekebisho paa likivuja. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mgogoro ukifika mahakamani asiye na karatasi huhangaika kuthibitisha madai yake.

Wapo watakaosema fundi mzuri atayakataa masharti hayo na kwenda kwa mteja mwingine. Mwezi Oktoba, kila mtu akimtaka, huenda ikawa kweli. Ndiyo maana mkataba ufungwe mapema, kabla fedha za mavuno hazijaingia, wakati fundi anatafuta kazi. Aidha, malipo ya hatua yanamlinda hata yeye, maana wapo wenye nyumba ambao hukamilishiwa paa kisha wakaanza kumzungusha fundi.

Mkulima wa Mbozi sasa anapaswa kuvuna tena ili aezeke upya paa alilokwisha kulilipia. Msimu ujao wengine wenye maboma watashika fedha za kahawa mkononi. Ni vyema wakumbuke kwamba fundi atarudi haraka pale tu ambapo bado kuna malipo yanayomsubiri.